Kasa Lile

Kichwa cha mteja kikishakaa katikati ya magoti ya Chanuo hakiondoki kabla ya saa tano au sita kupita, na muda wote huo vidole vyake na mdomo wake hushindana mbio. Jina la Chanuo alipewa na wateja. Si kwa ajili ya lile chanuo la mbao alilochomeka kichwani kutwa nzima kama antena, bali kwa namna alivyochambua habari. Alianzia nchani, akapanda kidogo kidogo kuelekea kwenye mizizi, na akikuta fundo hapiti mpaka limefunguka. Jina likamganda hadi daktari wa meno akamwandika hivyo kwenye kadi, naye hakuona sababu ya kumsahihisha.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili vya plastiki, mito miwili ya kukalia sakafuni, birika la kuchemshia maji ya kuchovyea ncha za rasta, na kioo kilichopasuka kona moja. Ufa ulizibwa kwa picha ya mwanamke aliyesukwa mtindo ambao hakuna aliyewahi kuumaliza. Mwenzake wa kazi aliitwa Redio, kwa sababu ukimdokezea jambo asubuhi, mchana limefika mtaa wa pili, tena limetiwa matangazo ya biashara katikati.

Kusuka kuna uchungu ambao wasukwaji hawaujui. Unakaa siku nzima, mgongo unalia, unatoka na kichwa kama ramani ya mji uliopangwa vizuri. Baada ya miezi miwili mwenye kichwa anakaa mbele ya televisheni na kitana cha mkia, anafumua. Miaka kumi na mitano ya kazi ya Chanuo ilikuwa imefumuliwa yote. Hapakuwa na kitu hata kimoja duniani ambacho angeweza kukinyooshea kidole akasema, hiki nilikifanya mimi na bado kipo.

Isipokuwa hadithi. Nyingi alikuwa ameziokota kwa wateja, na alikiri bila haya kwamba ya leo aliipata jana, kaibadilisha kabila la mume na rangi ya gari tu. Lakini moja aliiita yake. Aliitoa kwa wateja aliowapenda, au kwa wale wenye kichwa kigumu waliohitaji kusahau maumivu.

"Palikuwa na mama mjane na mabinti zake watatu," alianza, akitenga njia kwa mkia wa kitana. "Siku zake zilipokaribia kwisha akawaita. Akasema, wanangu, sina shamba, sina ng'ombe. Nawaachia kasa. Kasa lile pale limejifunga. Atakayelifungua bila kulivunja, kilichomo ni chake. Akakata roho. Binti mkubwa akalinyanyua kasa, akalitikisa hivi, tikitiki. Kimya. Mdogo wao akamwambia, usimtikise mama, mama si chupa ya dawa!"

Hapo wateja walicheka, na Chanuo aliwaacha wacheke kabla ya kuvuta mkono mwingine wa rasta.

"Wa pili akaleta kisu, akachokonoa pale gamba linapokutana na gamba. Kimya. Wa tatu hakufanya kitu. Alikaa nalo tu. Kila akirudi kazini alikaa sakafuni kando ya kasa, akalisimulia siku yake. Nani kamtukana, nani kamchekesha, foleni ilikuwa ndefu kiasi gani. Dada zake wakasema huyu tayari, tumpeleke hospitali. Yeye hajali. Basi siku moja yuko katikati ya habari ya kipuuzi kabisa, ya kiatu kukatika kisigino, kasa likatoa kichwa. Polepole. Likamtazama. Likasema kwa sauti ya marehemu mama yao: 'Halafu ikawaje?'"

Hapo hakuna aliyecheka. Kichwa ambacho hakikutakiwa kutikisika kilitikisika, na mara kwa mara Chanuo alihisi goti lake limelowa.

Wivu aliokuwa nao juu ya hadithi hii haukuwa wa kawaida. Aliporudi kutoka dukani siku moja akamkuta Redio anamsimulia mteja wake habari za kasa, na kasa la Redio linaimba, alisimama mlangoni na mfuko wa rasta mkononi kama mtu aliyemkuta mumewe kwa jirani.

"Umeniibia kasa langu."

"Kwani ulimzaa?"

"Nimelilea."

"Basi si mimi nimemlea wiki mbili?" Redio hakuinua hata macho. "Na kwangu ameshajua kuimba. Kwako miaka yote kasema maneno mawili."

Walinuniana hadi saa ya chai.

Sasa, kati ya vichwa alivyovipenda Chanuo kilikuwepo cha mwanamke mmoja mwembamba, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, mhariri wa vitabu vya watoto katika shirika dogo la uchapaji mtaa wa juu. Alisikia hadithi ya kasa kwa mara ya kwanza akiwa amesukwa nusu. Akaomba asimuliwe tena, akairekodi kwa simu. Wiki iliyofuata akarudi na karatasi.

"Dada, nimeichapa. Nataka iwe kitabu cha watoto wa darasa la tatu. Kitabu kizima, hadithi moja, picha kila ukurasa. Jina lako juu ya jalada."

Chanuo alikuwa ameshika ncha ya rasta juu ya maji ya moto. Aliisahau humo mpaka vidole vikamkumbusha.

Karatasi za mhariri zilikuwa na michubuko ya kalamu nyekundu. Palipoandikwa "kasa lile" palikatwa, pakaandikwa "kasa yule". "Limejifunga" likawa "amejifunga". Chanuo alihesabu mahali kumi na tisa, na kila mahali palimwasha kama kung'olewa unywele.

"Hapa mbona umeliharibu?"

"Nimesahihisha tu. Kasa ni mnyama, dada. Mnyama ni yule. Ukisema lile, mwalimu ataninyonga."

"Ndivyo inavyosemwa."

"Inasemwa na nani?"

"Na bibi," alisema Chanuo, na papo hapo akatamani kulimeza.

Mhariri alivaa miwani. "Bibi? Si uliniambia ni ya kwako?"

"Ni ya kwangu. Nimeisema miaka kumi na mitano."

"Nauliza hivi kwa sababu ya hii." Akatoa fomu. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, na mstari wa chini ulisema: *Nathibitisha kuwa hadithi hii nimeitunga mimi peke yangu na sikuichukua kwa mtu mwingine yeyote.* Chini yake nafasi ya sahihi. "Fikiria. Niletee Ijumaa."

Alipotoka, Redio aliinyakua fomu akaisoma kwa sauti ya mtangazaji. "Nimeitunga mimi peke yangu. Sasa shida iko wapi? Saini, dada."

"Si kweli."

"Kutunga ni nini? Hata jipu linatunga, na hakuna anayeliuliza usaha limetoa wapi. Bibi yako atafufuka kuja kudai? Saini, halafu ikitengenezwa sanamu yako pale njia panda nitakuja kuipaka mafuta."

Chanuo hakusaini. Jambo lililomkera halikuwa uongo peke yake. Wateja alikuwa akiwadanganya kila siku kwamba nywele zao ni laini. Kilichomkera ni kwamba hakujua uongo ulianzia wapi. Alikumbuka sauti ya bibi, mama wa mama yake, aliyemlea wakati mama akishinda kazini. Alikumbuka jikoni, stuli, kalenda ya ukutani. Lakini bibi aliishia wapi na yeye akaanzia wapi, hapo palikuwa na fundo, na yeye hakuwa mtu wa kuruka mafundo.

Jumatano mchana alimwachia Redio saluni, akaenda kwa mama mkubwa, dada yake mama, karani wa posta mstaafu ambaye mpaka leo alikunja kila kitu kama kinasafirishwa. Alimkuta anapiga pasi mashuka.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo, usikalie hayo yaliyonyooka."

Alikaa juu ya yasiyonyooka. Baada ya habari za afya, za magoti, na za jirani aliyepaka nyumba rangi ya kuumiza macho, akataja kitabu na fomu, kisha akauliza. "Ile hadithi ya bibi ya mabinti watatu unaikumbuka?"

"Ya kasha? Nitaachaje kuikumbuka."

"Ya kasa."

"Ya kasha."

"Kasa, mama mkubwa. Lenye gamba."

Pasi ilisimama hewani. "Gamba la nini?"

"La kasa! Mama anawaachia kasa, kasa limejifunga..."

"Kasha, mwanangu. Sanduku. La mbao, lenye kufuli. Kasha lile pale limefungwa, atakayelifungua bila kulivunja, vilivyomo ni vyake." Akamtazama mtoto wa mdogo wake kwa muda, kisha akaiweka pasi chini kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba kicheko kinakuja na hataki kuunguza shuka. Kikaja. Alishika meza kwa mikono miwili. "Kobe! Umedhani maskini yule alikufa akawaachia watoto wake kobe!"

"Kasa si kobe," Chanuo alisema, kwa unyonge.

"Ni meno," mama mkubwa alisema alipopata pumzi, akifuta macho kwa pindo la shuka. "Ni yale meno. Wewe hukumjua mama akiwa na meno ya mbele. Aliyemvunja ni mama yako, alikuwa mdogo, anaogeshwa, akarusha kichwa nyuma, paa! Mawili yakaenda. Tangu siku hiyo shini zote zikaenda nayo, kila 'sha' ikawa 'sa'. Mama akikuambia 'suka', ilibidi ujitazame kwanza, uko juu ya mti au una nywele mkononi. Akiagiza suka kitandani tunamletea kitana."

Chanuo alijua lile pengo. Utotoni aliwatafsiria wageni maneno ya bibi, na mengi aliyaweka sawa kichwani bila kufikiri. Lakini nyumbani kwao hapakuwa na kasha. Palikuwa na masanduku ya bati na mifuko ya plastiki. Kasa lilikuwepo, ukutani, kwenye kalenda juu ya jiko, mwezi ambao hakuna aliyeugeuza kwa sababu picha ilikuwa nzuri. Na ile "lile", ile "limefungwa", hazikumshtua, kwa sababu bibi akichukizwa hata na mbwa wa jirani alisema jibwa lile. Kasa kubwa, kasa la ajabu, angeliitaje?

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Miaka kumi na mitano alikuwa akiwasimulia watu wazima, wenye kazi na watoto, kosa la masikio. Uso ulipata moto kuliko pasi.

"Halafu yule wa tatu," aliuliza, ili aseme kitu, "anafanyaje na hilo kasha?"

"Anaenda kwa seremala aliyelitengeneza. Anamuuliza. Seremala anamwambia chini kuna ubao unaoteleza. Anautelezesha, ndani kuna hati ya kiwanja. Basi. Usivunje, kamuulize fundi. Mama alikuwa mtu wa akili, hakuwa na mambo mengi."

"Halikutoa kichwa?"

"Kasha litatoa kichwa?"

Chanuo alimsimulia basi, kama anavyosimulia saluni, mikono ikitafuta nywele ambazo hazikuwepo. Kukaa sakafuni. Habari za siku. Kisigino cha kiatu. Alipofika kwenye "Halafu ikawaje?" mama mkubwa alikuwa ameacha kucheka, na pasi ilikuwa imepoa.

"Hiyo sikuisikia kwa mama," alisema.

Kitu kikamsimama Chanuo kifuani kama mtoto anayeitwa jina lake darasani. Basi ipo. Basi kuna kipande ambacho hakikutoka kwa mtu.

"Lakini maneno yenyewe ni ya kwake," mama mkubwa aliendelea, akikunja ncha na ncha. "Ndivyo alivyokuwa akikuambia. Ukirudi shule unamwaga habari zako pale jikoni, yeye anamenya, akikuona umenyamaza, halafu ikawaje? Kila mara. Sisi hakutuuliza hata siku moja. Sisi alituambia tukanawe."

Chanuo akashika ncha mbili za upande wa pili wa shuka.

"Ukayatia kwenye mdomo wa kobe," mama mkubwa alisema, na safari hii hakucheka. "Sijui uliwazaje."

"Kuna na hii nyingine ni yangu," Chanuo alisema, akitaka kukusanya chake kabla hakijatawanyika chote. "Pale dada mkubwa anapotikisa. Mdogo anamwambia usimtikise mama..."

"Mama si chupa ya dawa."

Aliyemalizia alikuwa mama mkubwa.

"Hilo nililisema mimi," mama mkubwa alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu aliyekaa kwenye foleni na kupitwa. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Anasimulia, amefika pale pa kutikisa, nikalidakia. Akanizaba kofi kwa kuingilia wakubwa. Wiki ya pili nikamsikia anawasimulia wageni, kaliweka mle ndani, wageni wanavunjika mbavu. Hakunitaja." Akalainisha shuka ambalo tayari lilikuwa laini. "Si kitu kikubwa. Ila ukiandika bibi, uandike na mimi."

"Na yeye aliipata wapi?"

"Wodi ya wazazi, nilipozaliwa mimi. Mwanamke wa kitanda cha pili. Hakumjua hata jina."

Ijumaa Chanuo alipanda ngazi za shirika la uchapaji, fomu mkononi, bado safi. Chumba cha mhariri kilikuwa na rundo la karatasi kila mahali isipokuwa kwenye rafu. Mhariri alimkaribisha kwa furaha ya mtu aliyeandaa zawadi, akamgeuzia juu ya meza karatasi nene ya rangi.

Ilikuwa sampuli ya jalada. Kasa kubwa la kijani, na kando yake msichana aliyekaa sakafuni, amekumbatia magoti. Juu, kwa herufi za kijani zilizokolea, jina la Chanuo. Si Chanuo. Lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, yote mawili, manene kiasi kwamba ungeyasoma ukiwa upande wa pili wa barabara.

Aliomba alishike. Alilishika kwa kingo, kama picha isiyokauka.

"Nikisaini hii linatoka hivi?"

"Hivi hivi."

"Na kasa anakuwa yule."

"Kitabu cha shule, dada. Hapo sina ujanja."

"Na nisipotaka peke yangu?"

Chanuo akamsimulia aliyoyakuta kwa mama mkubwa, kasha, pengo na kofi. Mhariri akaeleza, bila kumpaka mafuta. Palikuwa na kitabu kingine, mkusanyo wa simulizi za kusikia, hadithi ishirini na tano kutoka kwa watu ishirini na tano. Humo hadithi ziliachwa kama zilivyosemwa, makosa na yote, na chini ya kila moja waliandika nani kasimulia na aliipata kwa nani. Herufi ndogo, ndani. Juu ya jalada la kitabu hicho hapakuwa na jina la mtu. Picha ingekuwa moja kwa hadithi zote, na haingekuwa ya kasa.

"Lakini kwa uaminifu," mhariri aliongeza, "kama bibi yako alisema kasha, kasa ni wa kwako. Sehemu inayowaliza watu ni ya kwako. Wanasheria wetu hawatakuuliza kitu. Wote tunaandika hivyo."

Chanuo alilitazama jalada. Alijua vizuri anachokiweka chini. Hakuna mteja angemwita mwandishi, na Redio angemcheka mpaka mwaka mwingine. Angeweza kusaini, mama mkubwa hasomi vitabu vya darasa la tatu. Lakini alimwona anavyolainisha shuka lililokwisha kunyooka, miaka hamsini na zaidi baada ya kofi, bado anasubiri kutajwa. Naye mwenyewe alikuwa amenuna hadi saa ya chai kwa sababu ya kasa lililoimba.

"Chupa ya dawa si ya kwangu," alisema. "Halafu ikawaje si ya kwangu. Ya kwangu ni kusikia vibaya."

"Si haba," mhariri alisema.

"Si haba. Lakini nikisema peke yangu, na 'lile' ukaliua, atakayesoma hatajua kwamba palikuwa na mtu mwenye pengo." Akarudisha jalada mezani, uso chini, asije akabadili mawazo. "Niweke kwenye ishirini na tano. Na usiguse hata 'lile' moja."

Mhariri alivua miwani, akaivaa tena. Kisha akachukua karatasi nyingine, kalamu nyeusi safari hii. "Imesimuliwa na?"

Chanuo akataja jina lake, yote mawili.

"Aliyeipata kwa?"

Akataja la mama mkubwa. "Huyo mwandikie chupa ya dawa. Wazi, asije akanisumbua."

"Na kwa?"

Akafungua mdomo kutaja la bibi, kisha akasita. Alikuwa amelitamka maelfu ya mara. Kuliandika, hajawahi hata mara moja. Ilibidi apige simu pale pale ofisini. Mama mkubwa alipokea baada ya mlio wa kwanza, kama karani.

"Jina la bibi liliandikwaje, mama mkubwa?"

"Kwenye kitambulisho liliandikwa na karani alivyopenda. Kwenye kadi ya kliniki liliandikwa vingine. Mimi nikiandika shuleni nilifuata mwalimu."

"Yeye je?"

"Yeye hakuandika. Alilisema tu, na kwa lile pengo alilisema vingine kabisa." Upande ule ilisikika pasi ikifuka mvuke. "Wewe ulimsikiaje?"

Chanuo akashusha simu, akalitamka jina kwa sauti kama lilivyokuwa likisemwa jikoni, na mhariri akaliandika hivyo hivyo, bila kuuliza.